Mpiga risasi wa nyangumi anayesubiri kuitwa mezani

Haimona Pokai amepiga magoti kwenye mchanga uliolowa, kiganja chake kikiwa juu kidogo ya tundu la pumzi la nyangumi. Anasubiri. Upepo wa kusini unampiga mgongoni na koti lake limejaa maji ya chumvi, lakini hasogei. Mara tundu linafunguka, hewa ya moto yenye harufu ya samaki waliovunda inampiga usoni, kisha linajifunga tena.

"Yupo," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Nyangumi huyo ni jike, mweusi, mwenye kichwa cha mviringo, na urefu wake unazidi kidogo ule wa pikapu iliyoegeshwa nyuma yake. Amelalia ubavu. Amekuja peke yake. Dougal Reid, mvuvi wa kamba, ndiye aliyemwona asubuhi alipokuwa akitoka na mashua, akapiga redio. "Haimona, mgeni wako kafika," alisema, akaenda zake kwenye mitego.

Bunduki iko ndani ya gari. Zamani kazi ingekuwa imekwisha kabla ya chai. Leo Haimona hapigi. Amepiga simu dukani kwa binamu yake Kataraina na kumwomba amlete mama yake, Ripeka, hapa ufukweni. Kataraina alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu bila kujibu.

Ripeka Pokai ni shangazi yake Haimona, dada wa marehemu baba yake. Hawajasemezana tangu Oktoba ya mwaka jana.

Haimona ana umri wa miaka hamsini na saba. Ni mlinzi wa hifadhi hapa Rēkohu, kisiwa ambacho ramani nyingi hukiita Chatham, mbali mashariki mwa New Zealand. Siku nyingi kazi yake ni kukarabati uzio, kutega paka mwitu na kuhesabu viota vya ndege. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Bunduki ya nyangumi ilimjia baadaye, mtangulizi wake alipohamia bara na idara ya hifadhi ikauliza nani ataichukua.

"Tulikuwa sita kwenye kile chumba," anakumbuka. "Watano wakaangalia viatu vyao. Mimi nilichelewa kuangalia vya kwangu."

Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Kwa kazi hiyo haongezewi hata senti kwenye mshahara. Nyangumi aliowamaliza walipopita mia sita aliacha kuwahesabu, na anasema hajutii kuacha.

Watu wa mbali humuuliza swali moja tu: kwa nini msiwarudishe baharini? Wameona picha za fukwe nyingine, watu mia wamevaa nguo za kuogelea, wanamsukuma mnyama huku wakiimba, na mnyama anaondoka. Haimona hawalaumu. Hata yeye angependa kuimba. Lakini maji ya hapa yana papa weupe wakubwa, na papa hao huijua harufu ya nyangumi aliyekwama kabla hata ya watu kujua kwamba amekwama.

"Ingia majini mpaka kifuani ukiwa umemkumbatia mnyama anayetoka damu," anasema. "Papa akija hatauliza nani ni nyangumi na nani ni mwalimu wa shule."

Kuna jambo jingine, nalo ni gumu zaidi kulisema mbele ya wageni. Nyangumi anayekuja peke yake mara nyingi ni mgonjwa. Ukimsukuma anaweza kurudi kesho, pale pale au ufuo wa pili, amechubuka zaidi. Na akiwa nchi kavu uzito wake mwenyewe ndio unaomwua. Baharini alibebwa na maji maisha yake yote. Juu ya mchanga, mwili wake unayakandamiza mapafu yake polepole, na inaweza kuchukua siku kadhaa.

Haimona aliliona hilo akiwa mtoto. Enzi hizo hakukuwa na bunduki wala idara. Kundi zima lilikwama, na baba yake akawakataza watoto kwenda kuangalia. Wakaenda.

"Siku ya tatu bado kuna waliokuwa wanapumua," anasema. "Ndege walikuwa wameshaanza na macho. Wale nyangumi walikuwa wanaitana. Sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Mtu akiniambia kumwachia Mungu ndiyo huruma, namuuliza kama aliwahi kuisikia ile sauti."

Basi yeye hupiga. Risasi moja, mahali anapopajua, na kisha hukaa. Hapo ndipo wengi wasiomjua hushangaa. Nyangumi anaweza kubana pumzi muda mrefu akaonekana amekufa naye bado anasikia kila kitu. Kwa hiyo Haimona hupiga magoti, huweka kiganja juu ya tundu la pumzi, hugusa pembeni mwa jicho, husubiri, hurudia. Watu huchoka na kwenda kunywa chai. Yeye huwa wa mwisho kuondoka, kwa kila mmoja.

Lakini si risasi iliyomtenga na watu. Ni chakula.

Katika ukoo wa Pokai kuna utaratibu wa miaka mingi. Koo nyingine za kisiwani zina wa kwao, na wala hazigombani juu ya hilo. Nyangumi akikwama, kwanza hupewa jina. Anayempa jina ni mwanamke mkubwa wa ukoo, ambaye sasa ni Ripeka, na baada ya jina huja sala ya kumuaga, ili aondoke kama jamaa na si kama mzoga. Ndipo mpigaji hupiga. Wengine huja na visu kuchukua mataya na mifupa ya kuchonga.

Mpigaji haruhusiwi kuigusa mifupa hiyo. Anakuwa mwikoni. Haruhusiwi kula na watu, wala kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine, mpaka yule mwanamke asimame mlangoni, amwite kwa maneno yaliyowekwa, na kumpa chakula cha moto kwa mkono wake. Chakula hicho ndicho kinachovunja mwiko.

Kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu. Ripeka alikuwa akimwita, akimpa kiazi kitamu, na papo hapo akimsema kwa sababu ya viatu vyake vichafu.

Safari hii hajaitwa tangu Oktoba.

Kilichotokea ni hiki. Kundi dogo lilikwama upande wa magharibi. Ripeka alitoa majina, akasali, Haimona akapiga. Akabaki dume mmoja, mkubwa, amelala kwenye kidimbwi ambako maji yalifika nusu ya mwili wake. Alionekana ana nguvu. Ripeka akamwangalia kwa muda mrefu, akakataa kumpa jina. Alimwambia Haimona aiachie bahari nafasi, kwamba maji yakijaa huenda yatamchukua.

Haimona hakuamini. Kwa hesabu yake dume yule alikuwa amekwisha. Lakini aliyesema ni shangazi yake, aliyemlea baada ya mama yake kufa, na mbele ya watu. Akairudisha bunduki kwenye mkoba.

Maji yakajaa, yakapwa. Dume akabaki. Siku ya pili ndege wakubwa wa baharini walianza kutua, na Haimona akakaa akiwafukuza kwa kipande cha ubao. Maji yakajaa tena, yakapwa tena. Alasiri Ripeka akaenda nyumbani kubadilisha nguo zilizolowa. Aliporudi, dume alikuwa amekufa, na risasi haikuwa imesubiri jina wala sala.

Ripeka hakupiga kelele. Alivua kilemba chake cha sufu, akamfunika nacho nyangumi jicho lililoliwa, akarudi kwenye gari. Tangu siku hiyo hajasimama mlangoni.

Kisiwa kikagawanyika, kila mtu na hasira yake. Wengine walisema Haimona amemtukana mama yule na kumwua mnyama bila jina. Mwalimu mmoja kutoka bara aliandika mtandaoni kwamba kisiwa hiki kimemwajiri muuaji. Dougal naye alimkasirikia kwa sababu tofauti kabisa. Alisema yeye angempiga risasi yule dume siku ya kwanza, na kwamba zile siku mbili zilikuwa ukatili wa watu wenye adabu.

"Wewe na shangazi yako mlikuwa mnaoneana haya," alimwambia, "mwenzenu analiwa macho."

Haimona anasema katika maneno yote aliyoambiwa tangu wakati huo, hayo ndiyo yaliyomkaa moyoni.

Hakuna anayemlazimisha kushika mwiko. Hakuna polisi wa kiazi kitamu. Dougal amemwambia mara nyingi aache ujinga, aje nyumbani ale mchuzi wa weka, yule ndege asiyeruka anayeiba mayai ya watu, na kwamba wafu hawataona. Haimona hutabasamu na kubaki nje. Kwenye harusi ya mpwa wake alisimama barabarani akielekeza magari, kisha akala mkate wake na jibini ndani ya pikapu huku akisikia hotuba kwa mbali. Krismasi alikula kopo la maharage. Watu wa klabu ya raga humnunulia bia, naye huinywa kwenye ngazi, na baada ya muda wamezoea kumkuta kwenye ngazi.

"Ubaya wake ndio huo," anasema. "Wiki za mwanzo walikuwa wanatoka nje kuongea na mimi. Siku hizi wananipita, wananigusa bega. Mtu akikaa nje muda mrefu anakuwa kama sehemu ya ukuta."

Mkewe wa zamani anaishi Timaru na hupiga simu siku za kuzaliwa. Watoto hawakujaliwa. Nyumba yake ina meza ya watu wanane iliyokuwa ya babu yake. Anakula upande mmoja, na upande mwingine ameweka vipuri vya mashine ya kukatia majani.

Ukimuuliza kwa nini hakumwita Ripeka alasiri ile, hupapasa kidevu kabla ya kujibu. Angeweza kumwita. Simu ilikuwa mfukoni. Anasema amewaeleza watu kwamba hakukuwa na muda, nao wamekubali, lakini muda ulikuwepo.

Kwenye ufuo wa leo, gari linasikika kabla halijaonekana. Ni la Kataraina. Linasimama mbali na pikapu ya Haimona, mlango unafunguliwa, na Kataraina anamshusha mama yake huku amemshika kiwiko. Ripeka ana umri wa miaka themanini na moja. Amevaa mabuti ya mpira ya mkwewe, makubwa kwake, na anatembea kama mtu anayevuka matope.

Kataraina hamsalimii Haimona. Anaelekeza maneno yake kwa upepo, kwamba mama ana kifua na hatakaa sana.

"Nitakaa ninavyotaka," anasema Ripeka. Kisha, bila kumtazama mpwa wake: "Huyu kaja lini?"

"Asubuhi, Shangazi. Huenda na mapema zaidi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mama huyo anainama kwa shida, anaweka kiganja mahali kilipokuwa cha Haimona, na kusubiri. Pumzi inachelewa. Kataraina anasema labda amekwisha kufa. Tundu linafunguka, na Ripeka anarudisha uso nyuma kwa harufu, halafu anaurudisha tena mbele.

"Anasikia?" anauliza.

"Anasikia."

"Basi tuongee vizuri."

Anaomba ndoo, Haimona anaigeuza, mama anakaa juu yake. Kwa muda anaangalia bahari. Maji yanapwa, ni dhahiri kwa kila aliyezaliwa hapa. Yatajaa tena jioni. Anamuuliza Haimona kama akiachwa yatamchukua. Haimona anasema hapana. Anamuuliza kama ana hakika. Haimona anasema hana hakika ya asilimia mia, hajawahi kuwa nayo kwa nyangumi yeyote, na ndiyo maana huwa hapati usingizi.

Ripeka anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei anayoijua.

"Yule dume," anasema. "Nilikwambia usubiri. Unajua kwa nini?"

"Ulidhani bahari itamchukua."

"Sikudhani. Nilikuwa nimechoka kutoa majina. Nilitoa majina siku ile mpaka nikarudia jina la kaka yangu. Nikasema huyu mmoja simtaji, aende mwenyewe. Haikuwa kwa ajili yake, mwanangu. Ilikuwa kwa ajili yangu."

Haimona ameinamisha kichwa. Kataraina amegeuka, anamtazama mama yake.

"Na mimi ningeweza kukuita," anasema Haimona.

"Kwa nini hukuita?"

"Ungesema tusubiri tena."

"Ningesema," Ripeka anakubali. "Ningesema, na ungesubiri, kwa sababu wewe ni mjinga mwenye heshima."

"Basi sikukuita."

"Basi hukuniita."

Nyangumi anavuta pumzi, fupi kuliko iliyopita. Kataraina, ambaye mwaka mzima amekuwa akimwuzia Haimona mafuta bila kumwangalia usoni, anachukua shuka ambalo Haimona alikuwa amemfunika nalo mnyama mgongoni, sasa limekauka, analilowesha tena na kulirudisha.

Ripeka anasimama. Anampa nyangumi jina, la shangazi yake mwenyewe ambaye hakuzaa. Anasali kwa sauti ya chini, upepo unachukua nusu ya maneno. Akimaliza, Haimona anakwenda kwenye gari na kurudi na bunduki, na hapo kwa kawaida wanawake husogea mbali na mpigaji huamua mwenyewe lini. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwenye jina ana kazi yake, mwenye bunduki ana yake.

Mama hasogei.

"Nitasema mimi lini upige," anasema.

Haimona anaelewa kabla ya Kataraina. Anamwambia shangazi yake kwamba akilitoa neno hilo, na yeye atakuwa mwikoni, na hataweza kumwita mtu mezani.

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Mama," Kataraina anasema. "Na wewe atakuita nani?"

"Wewe."

"Sijui maneno."

"Nina habari kwamba hujui. Miaka thelathini nakwambia njoo ujifunze, unaniambia duka." Anamgeukia Haimona. "Hii kazi tumekuachia peke yako, halafu tukakulaumu ulivyoifanya. Haya. Piga."

Anapiga.

Halafu anapiga magoti, kama kawaida yake, kiganja juu ya tundu la pumzi. Kataraina anakwenda garini kutafuta visu. Ripeka anaburuta ndoo yake mpaka upande wa pili wa kichwa cha nyangumi, anakaa, na anaweka kiganja chake karibu na cha mpwa wake. Wanasubiri pamoja mpaka wana hakika.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mataya yamekwisha kuzikwa mchangani nyuma ya nyumba ya Kataraina ili nyama iliyobaki ioze. Na tangu siku hiyo, anayepita kwenye banda la kando ya nyumba ya Haimona saa ya chakula anawakuta wawili, mmoja kwenye kiti cha plastiki, mwingine kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, wakila wali ulioungua aliopika Haimona, maana walio mwikoni wanaruhusiwa kulishana.

Ripeka halalamiki kwa upole. Anasema haelewi mtu anawezaje kuishi mwaka mzima kwa chakula hiki na bado akawa na meno. Haimona anamjibu kwamba hakuna aliyemkaribisha. Mama anasema kweli, na anaongeza chumvi.

Jioni mkwewe huja kumchukua, na Haimona hubaki na masufuria. Anakiri kwamba nyumba inakuwa kimya zaidi sasa kuliko ilivyokuwa kabla shangazi yake hajaanza kuja. Zamani alikuwa amekisahau kimya chenyewe.

Ameiandikia idara barua akiomba mambo mawili. La kwanza, mtu wa pili afundishwe bunduki kabla yeye hajastaafu. Dougal alipoulizwa alisema hawezi, ana mgongo mbovu, na wiki iliyofuata akauliza mafunzo ni ya siku ngapi. La pili, iwe kanuni kwamba asipige mtu mmoja peke yake wala asiamue mmoja peke yake, hata kama anayetakiwa kuja anakaa mbali na amenuna. Idara bado haijajibu.

"Sijaomba iwe rahisi," Haimona anasema. "Isije ikawa rahisi. Nimeomba tuwe wawili tu."

Kataraina sasa anajifunza maneno ya kuita. Mama yake huyatamka bandani kupitia dirisha lililo wazi, naye husimama nje, hatua kadhaa, maana yeye hayuko mwikoni. Akifika katikati hukosea. Wakati mwingine hucheka, na mara moja alilia, akaenda kukaa kwenye gari. Amewaambia atakuwa tayari Jumapili. Mama yake anasema Jumapili ipi, hakusema.

Wakati huo huo Haimona amenunua shati. Amelitundika mlangoni, na lebo bado ipo.

Akiulizwa siku hiyo ikifika angependa kupewa nini mezani, anafikiri kwa muda, huku akikwangua sufuria.

"Chochote," anasema. "Mradi sikukipika mimi."